Kalamu ya Jaji Mpya

Jaji wa zamani alistaafu bila kusikia hata neno moja la kesi ya Nusu Inchi. Miaka miwili alikuwa akiiahirisha: leo wakili wa kiwanda anaumwa, kesho faili halionekani, keshokutwa jaji mwenyewe yuko semina. Mwisho akaagwa kwa keki na hotuba, akapewa saa ya ukutani, akaenda zake. Faili likasukumwa kwa jaji mpya, mama mmoja aliyehamishwa kutoka mbali, na katika mahakama nzima hapakuwa na wakili aliyewahi kusimama mbele yake. Kesi ikapangwa kusikilizwa baada ya wiki tatu.

Nusu Inchi ni jina alilopewa kiwandani, maana ubao ukizidi nusu inchi alikuwa anaujua kwa kuutazama tu. Miaka kumi na minne alisukuma magogo kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao, mpaka asubuhi moja msumeno ule ulipomchukua mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Kiwanda kilisema alijitakia, eti aliiondoa mwenyewe kinga ya msumeno ili amalize kazi mapema. Yeye alisema kinga iliondolewa na msimamizi. Akishinda, atalipwa fidia. Akishindwa, hatapata kitu na juu yake atalipa gharama za mawakili wa kiwanda. Na ndani ya nyumba yao hapakuwa na kitu cha kuuza kikalipa gharama za mtu, isipokuwa vyerehani viwili vya mkewe. Ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha: yeye fundi mwenyewe, mumewe, mama mkwe na binti yao aliyekuwa shule.

Kwa hiyo wakili wao alipowaita ofisini, fundi alifunga kazi ya watu mezani akaenda, huku mumewe akimfuata nyuma.

"Mama, nisikilizeni vizuri," wakili alisema. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye tai pana. "Mtu hashindi kesi kwa sheria peke yake. Anashinda kwa kumjua jaji. Huyu mama hatumjui. Anaweza akawa mkali, anaweza akawa mpole, anaweza akawa na lake. Sasa mimi sijalala. Nina mtu wangu pale masjala, karani, amenipa habari zote."

"Zipi?" fundi aliuliza.

Wakili akaanza kuhesabu kwa vidole, na fundi akaona mumewe anavitazama vile vidole. Jaji hapendi kuonyeshwa vidonda, anaona watu wanamtafutia huruma. Jaji anapenda mtu mnyenyekevu, anayejibu kwa mkato. Jaji hana subira kabisa na mtu anayejikanyagakanyaga kwenye maneno.

"Kwa hiyo yule shahidi wenu, yule mpokea mbao, tunamwacha."

Mpokea mbao ndiye aliyekuwa upande wa pili wa msumeno siku zile. Ndiye pekee, ukimwacha Nusu Inchi, aliyemwona msimamizi akifungua kinga kwa spana. Alikuwa na kigugumizi, neno moja lilimchukua muda wa mtu kufunga viatu.

"Tunamwachaje na ndiye aliyeona?" fundi alisema.

"Mama, atatuchosha yule. Jaji atakasirika kabla hajafika kwenye kitenzi." Wakili akacheka peke yake. "Halafu koti. Wewe si fundi? Mshonee koti, ule mkono ujaze vitambaa, uonekane umejaa, kisha autie mfukoni. Jaji asione kitu. Na wewe mzee, ukiulizwa, jibu ni moja tu: Ndiyo, mheshimiwa. Usibishane na mtu. Wiki hii nitakwenda mwenyewe kukaa mle ndani siku mbili nzima nimsome. Ndivyo wanavyofanya mawakili wa kweli."

Nusu Inchi akajibu, "Ndiyo, wakili," na fundi akatamani kulia kwa hasira.

Jioni ile alimshonea. Alikata vitambaa vya nguo za watu, akavisokota, akavijaza kwenye mkono wa koti hadi ukasimama. Kisha akamvalisha mumewe sebuleni, akamsimamisha mbele ya meza, yeye akajifanya jaji.

"Wewe ndiye mdai?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulikuwa unafanya kazi kwenye msumeno?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mbuzi hutaga mayai?" mama mkwe alidakia kutoka kwenye kiti chake.

"Ndiyo, mheshimiwa," Nusu Inchi alisema. Bibi yule hakucheka, na mwanawe pia hakucheka. Mtu aliyekuwa akibishana na wasimamizi mchana kweupe juu ya nusu inchi ya ubao, leo amesimama kwenye sebule yake na mkono wa matambara mfukoni, anasema ndiyo kwa kila kitu. Akavua koti kwa mkono mmoja, akalitupa kochini, akatoka nje.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia fundi, "huyo jaji, nani kamwona?"

"Karani kamwona, mama."

"Wewe?"

"Mimi nitamwonea wapi?"

"Kwani mahakama si ya watu wote? Asiyekuwepo na lake halipo. Nenda ukamwone."

*

Jumatatu fundi alijifunga kitambaa kichwani, akachukua daftari lake la vipimo na penseli, akaenda. Aliogopa kufukuzwa, lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Akakaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Jaji mpya alikuwa mama mwembamba wa makamo, mwenye nywele fupi zenye mvi. Aliingia saa tatu kamili na kuwakuta mawakili wawili bado wanavaa majoho. Hakuwagombeza. Aliwatazama mpaka wakamaliza, akafungua daftari kubwa la kumbukumbu, akaanza kuandika. Mle ndani hapakuwa na mashine ya kunasa sauti. Jaji mwenyewe ndiye aliyeandika kila kitu kwa mkono. Fundi aliona jambo la kwanza akaliandika: anatumia mkono wa kushoto.

Mtu aliyezoea kupima watu hawezi kukaa bure. Mteja anakwambia nataka gauni la kubana, wewe unatazama anavyopumua, unajua atakayelia baadaye ni nani. Fundi akaanza kumtazama jaji vile vile. Kufikia saa sita alikuwa ameshaacha kutazama uso, maana uso haukusema kitu. Alikuwa anatazama kalamu.

Wakili akisema, "Mheshimiwa, mteja wangu ni mtu mwema, mcha Mungu, anayeheshimika mtaani," kalamu inalala. Shahidi akisema, "Ilikuwa Jumanne, saa nne, alinipa ufunguo mkononi," kalamu inakimbia. Mtu akilia, kalamu inalala, jaji anangoja kwa adabu. Mtu akisema maneno mazuri huku kalamu bado inaandika yale ya nyuma, yale mazuri yanapotea, kama hayakusemwa. Na fundi akaelewa: jaji huyu ataenda kuamua nyumbani kwake na daftari lile. Kitakachokuwa kwenye daftari ndicho kilichotokea. Kisichokuwepo hakikutokea.

Jumanne asubuhi, katika safu ya mbele yake, alikaa mwanamume mwenye miwani na koti jeusi, na yeye akiwa na daftari. Hakuwa na kesi siku ile. Aliandika, alitazama, aliandika. Wakati wa mapumziko akageuka.

"Mama, na wewe umekuja kumsoma?"

"Kumsoma nani?"

"Jaji." Alitabasamu vizuri tu, kama mtu aliyelelewa. "Nina kesi mbele yake hivi karibuni. Mtu mmoja aliumia kiwandani. Jaji nisiyemjua huwa namkalia wiki nzima kabla sijafungua mdomo. Umeona kalamu yake?"

Fundi akaufunika ukurasa wake kwa kiganja. "Sijaona," akasema.

"Itazame. Mashahidi wengi wanaongea na jaji. Mimi naongea na kalamu." Akatoa karanga mfukoni, akamkaribisha, fundi akakataa. "Upande wa pili, nasikia, wanategemea karani wa masjala. Yule karani yuko chini, hajawahi hata kupanda ngazi hizi. Anawauzia watu wote hadithi ileile kwa pesa ya chakula cha mchana. Mimi pia alitaka kuniuzia."

Fundi akalitazama daftari lake la vipimo ili asimtazame usoni. Hasira iliyompanda hakujua aielekeze kwa nani. Huyu ndiye aliyekuwa anakuja kumnyang'anya vyerehani, na huyu ndiye pekee aliyekuwa anafanya kazi. Kiwanda kilikuwa kimenunua hata macho.

Fundi alikuja Jumatano, akaja na Alhamisi. Wateja wakampigia simu, wengine wakamtukana, mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kwa hasira. Alhamisi hiyo alisimama kizimbani bibi mmoja mzito wa kusema, kila jibu likitanguliwa na kikohozi na kisa cha marehemu ndugu yake. Wakili akataka kumharakisha. Jaji akaweka kalamu chini, akasema, "Mwache. Anafika." Bibi akafika, kalamu ikaokotwa. Fundi akaandika: anangojea. Akapiga mstari chini yake mara mbili hadi karatasi ikatoboka.

Wakili wao hakuonekana siku zote nne.

*

Ijumaa alikwenda ofisini kwake peke yake.

"Nimemsoma, mama!" wakili alimpokea. "Jumanne na Jumatano, nimekaa mle ndani mpaka mgongo unauma. Yote aliyosema karani ni kweli tupu."

"Ulikaa wapi, wakili?"

"Safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Sikutaka anione."

Fundi akamtazama mtu aliyedai kukaa kwenye mapaja yake siku mbili. Maneno yalimjaa mdomoni. Akayameza, kwa sababu kumfukuza wakili sasa ni kuahirisha tena, na kuahirisha tena ni mwaka mwingine, na wakili mwingine ni pesa nyingine isiyokuwepo. Maskini hata hasira yake inabidi aipangie bajeti.

"Mpokea mbao aitwe," alisema tu. "Jaji anangojea watu."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia."

"Mama, mimi sikufundishi kushona."

Alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima. Akamkalisha mumewe, akafungua daftari la vipimo, akamsomea yote, kuanzia kifua cha mteja wa juzi alichosahau kukifuta hadi kalamu. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, Nusu Inchi akamkatisha.

"Kushoto? Kweli?"

"Kweli. Anaukunja hivi, kama wewe unavyofanya."

Miaka miwili mumewe alikuwa anajifundisha kuandika kwa kushoto kwenye madaftari ya zamani ya bintiye, akijificha kama mwizi. Siku ile alicheka, ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi, mama mkwe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

"Sasa sikiliza, baba watoto," fundi alisema. "Sikufundishi cha kusema. Cha kusema unakijua wewe, ulikuwepo. Ninachokwambia ni kimoja: itazame kalamu. Ikiwa inaandika, nyamaza. Ikitulia, ndipo useme. Na usishuke pale kabla la kinga halijaandikwa."

"Na wakili?"

"Wakili mwachie karani wake."

Kisha akachukua wembe, akafumua mkono wa koti. Matambara yalianguka sakafuni rundo zima. Akaukunja mkono mtupu, akaushona vizuri chini ya kiwiko, kwa kipimo.

*

"Hii nini?" wakili aliuliza mlangoni mwa mahakama, akiutazama mkono wa koti. "Nilisema nini mimi? Mnataka kuniharibia!"

"Vitambaa vilikuwa vya watu," fundi akajibu.

Nusu Inchi alipanda kizimbani. Karani wa mahakama, si yule wa masjala, bila kuinua kichwa akamwambia, "Inua mkono wa kulia."

Watu wakageuka kumtazama. Wakili akajiinamia kwenye karatasi zake. Fundi aliona shingo ya mumewe ikibadilika rangi, akawaza yale matambara yangekuwa mle mkononi sasa hivi, yananing'inia mbele ya watu.

"Inua ulio nao," jaji alisema.

Akainua wa kushoto, akaapa.

Wakili wao alianza kwa kumkaribisha jaji katika kituo hiki, akasifu hekima yake ambayo harufu yake imetangulia kufika, akasema mteja wake ni mtu mnyenyekevu. Kalamu ililala. Dakika kumi ililala. Akamuuliza Nusu Inchi kama anasikitika, kama familia inateseka, kama anaiheshimu mahakama. Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo, mheshimiwa. Kisha akakaa chini ameridhika. La kinga hakuligusa.

Mwenye miwani akasimama. Hakumsifu mtu. Aliuliza pole pole, akingoja kalamu kila jibu.

"Miaka kumi na minne unafanya kazi ile. Unajua msumeno usio na kinga ni hatari?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kalamu ikaandika.

"Asubuhi ile, uliona kwamba kinga haipo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kalamu ikaandika. Fundi akashika ukingo wa benchi.

"Ukaendelea kufanya kazi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Ndiyo tatu, na zote kweli, na zote zimo kwenye daftari, na kwa hizo tatu vyerehani vilikuwa vimeshaanza kutoka mlangoni. Wakili wao alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa jinsi mteja wake alivyokuwa mnyenyekevu.

"Sina swali zaidi, mheshimiwa."

"Shuka," karani akamwambia.

Nusu Inchi hakushuka. Alikuwa anaitazama kalamu. Ilifika mwisho wa mstari, ikaweka nukta, ikainuka. Ndipo akasema.

"Mheshimiwa, halijaisha."

"Mheshimiwa, napinga," mwenye miwani alisema haraka. "Shahidi hana swali mbele yake."

Wakili wao naye akainuka nusu, akamfanyia mteja wake ishara ya kushuka, kama mtu anayefukuza kuku. Mawakili wawili wa pande mbili walikuwa wanamnyamazisha mtu mmoja. Jaji akamgeukia wakili wao.

"Wakili, una haki ya kumuuliza tena mteja wako. Hutaki kumuuliza kwa nini aliendelea?"

"Mheshimiwa, sisi... tunaiachia hekima yako."

"Basi nitamuuliza mimi. Kwa nini uliendelea?"

Nusu Inchi akavuta pumzi.

"Kinga iliondolewa Jumatatu." Akangoja. "Saa moja na nusu asubuhi." Akangoja. "Aliyeiondoa ni msimamizi, kwa spana, kwa sababu yalikuja magogo makubwa yasiyopita." Kalamu ilikuwa inakimbia, mkono umekunjwa, na yeye akaenda nayo sambamba, kama alivyokuwa akiusindikiza ubao kwenye msumeno. "Nilimwambia sifanyi kazi bila kinga. Akanijibu, anayeogopa aende akauze maandazi, na getini wako watu thelathini wanaitaka kazi hii. Nilikataa Jumatatu nzima, nikakatwa mshahara wa siku. Jumanne nina mtoto wa shule. Jumanne nikafanya."

Kalamu ikatulia.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mpokea mbao, mheshimiwa. Ana kigugumizi. Tuliambiwa wewe huna subira na watu wa namna hiyo."

"Mliambiwa na nani?"

Nusu Inchi akamtazama wakili wake. Jibu lingine halikuhitajika. Jaji naye akamtazama wakili yule, kisha akainama akaandika, na alichoandika kilikuwa kirefu.

"Shahidi huyo aletwe Jumatatu saa tatu. Aje na muda wake wote," jaji alisema. "Na upande wa kiwanda mlete orodha ya mishahara ya mwezi ule. Nataka kuiona hiyo siku iliyokatwa."

*

Kwenye ukumbi wa nje wakili wao aliwafikia anahema, faili kwapani, amejaa tabasamu.

"Mmeona? Mmeona wenyewe! Nilimwacha makusudi amuulize yeye. Huyu mama nimemsoma, nimemmaliza. Kesi mnayo, ila Jumatatu itabidi tuongee kidogo kuhusu nauli yangu."

Fundi alikuwa ameahidi moyoni kutogombana mbele ya watu. Alifungua daftari la vipimo, akalifunga.

"Wakili," alisema, "umekaa mle siku mbili, na leo umesimama mbele yake asubuhi nzima, hatua tatu tu. Anaandika kwa mkono gani?"

"Mkono?" Wakili akacheka, akatazama mlango wa mahakama, akamtazama Nusu Inchi, kama atasaidiwa. "Mkono si mkono tu, mama. Wa kulia. Kwani vipi?"

Mwenye miwani alikuwa anawapita na mkoba wake akielekea ngazini. Hakusimama.

"Kushoto, mwenzangu," alisema, akashuka.

Hatua zake zikaishia chini. Kisha Nusu Inchi akanyoosha mkono wake mmoja, akalichomoa faili kwapani mwa wakili, akampa mkewe alishike, wakaondoka kwenda kumtafuta mpokea mbao.